Kompyuta ya ofisi ya shamba ipite kwenye waya, wifi ibaki ya akiba

Leo naomba tutoke kidogo kwenye mbolea na viuatilifu, tuingie ofisini. Najua wengine mtasema, "Afisa ugani na kompyuta wapi na wapi?" Lakini mimi nikitembelea mashamba yenu siku hizi, kila mradi unaoenda kibiashara nakuta kachumba kana meza, kiti, na kompyuta ya mezani. Humo ndimo mnatunza kumbukumbu za mauzo, mnatoa risiti za kielektroniki, mnaomba vibali vya kusafirisha mazao, na mnaongea na wanunuzi kwa video. Wenzetu wa ufuta, korosho na mbaazi wenye uongozi kwenye AMCOS wanafuatilia minada ya TMX kwenye skrini hiyo hiyo. Wafugaji wa kuku wanaangalia kamera za banda na joto la mashine ya kutotolesha vifaranga.

Mtandao ukikata wakati unaangalia mpira, unasonya, unasubiri. Ukikata wakati fomu ya kibali iko hatua ya mwisho na gari limeshapakiwa parachichi, hiyo ni hela inaoza. Tunda halisubiri ruta iwake upya.

Hoja yangu leo ni moja. Kompyuta ya mezani haihami. Haina sababu ya kutegemea wifi kama simu inayozunguka shambani. Ipe waya, halafu hakikisha kweli inautumia huo waya. Wengi wanafanya nusu ya kwanza tu. Wanachomeka, wanaona taa inawaka, wanajua kazi imeisha. Kumbe kompyuta inaendelea kupita njia nyingine.

Kikundi cha parachichi na bando lililokuwa likiyeyuka

Kuna kikundi cha vijana mkoani Njombe wanakusanya na kupanga parachichi kabla ya kuchukuliwa na mnunuzi. Nilienda kwao kwa ajili ya mambo ya ukomavu wa tunda. Nikawakuta wamechoka na mtandao. Mnunuzi alikuwa anataka kuona matunda kwa video kabla ya kukubali mzigo, na kila akisema "geuza hilo nione upande wa pili," picha inaganda. Mara sauti inapotea. Mara ya pili akawaambia watume picha tu, atafikiria. Kwenye biashara, neno "nitafikiria" mnalijua lina maana gani.

Walikuwa wameshabadilisha laini. Wameshanunua bando kubwa zaidi. Walikuwa wanajichanga wanunue ruta mpya.

Nikawauliza, kompyuta inapata intaneti kwa njia gani? Wakanionyesha waya mzuri kabisa unatoka kwenye ruta, ambayo antena yake iko juu ya mlingoti nje. Taa zinapepesa. Kila kitu kiko sawa. Ila pembeni ya kompyuta kulikuwa na simu ya katibu, imechomekwa kwa waya wa USB "inachaji". Ilikuwa inachaji kweli, lakini pia ilikuwa inagawa intaneti kwenye kompyuta tangu siku moja ruta ilipoishiwa bando, na hakuna aliyekumbuka kuzima.

Tukafungua sehemu ya Windows inayoonyesha kila njia ya mtandao inatumika kiasi gani. Njia ya ruta ilikuwa imelala. Njia ya simu ndiyo ilikuwa inapanda na kushuka. Kompyuta yao ilikuwa inaongea na mnunuzi kupitia simu iliyokaa ndani, chini ya bati, yenye vijiti viwili vya mawimbi, huku ruta yenye antena nje inapiga usingizi.

Katibu akasema, "Kwa hiyo, afisa, tumekuwa tukinunua bando la kulisha kompyuta yenye intaneti yake!"

Ndiyo hivyo. Ruta mpya isingesaidia chochote. Tulizima ule ugawaji kwenye simu, tukapanga kompyuta ianze na waya wa ruta, basi. Haikutugharimu hata senti.

Kwa nini waya unaishinda wifi

Wifi ni mawimbi ya redio. Vifaa vyote vinavyotumia ruta moja kwenye chaneli moja vinagawana hewa ileile, na vinaongea kwa zamu. Fikiria kisima kimoja cha kijiji: mmoja anateka, wengine wamesimama na ndoo. Simu za vibarua, kamera, kompyuta na televisheni ya nyumbani zote ziko kwenye foleni. Mbaya zaidi, kifaa kilicho mbali na ruta kinateka polepole. Simu ya mlinzi iliyo getini ikipakua video kwa mawimbi dhaifu, inachukua muda mrefu kisimani na wote wanasubiri.

Waya ni bomba lako mwenyewe. Kompyuta inatuma na kupokea kwa wakati mmoja, haimsubiri mtu mpaka ifike kwenye ruta.

Halafu kuna mazingira yetu. Bati na wavu wa chuma vinazuia mawimbi. Ukuta wa tofali nene unayapunguza. Majani yenye maji yanayanyonya, kwa hiyo wifi iliyokuwa inafika vizuri bandani wakati wa kiangazi inaweza kusumbua masika migomba ikishanawiri. Mawimbi ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo yanafika mbali, yanatumiwa pia na bluetooth, oveni za microwave na ruta za majirani. Kwenye masafa hayo chaneli ambazo haziingiliani ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kama mko kwenye jengo lenye maduka na ofisi nyingi mjini, mnagombania hizo hizo.

Kinachoumiza kwenye kazi za kilimo biashara mara nyingi si kasi ndogo. Ni kukatika katika. Fomu ya kibali haihitaji kasi kubwa. Inahitaji njia isiyopotea katikati. Kikao cha video vilevile. Na kwa mwenye mashine ya kutotolesha, mayai ya kuku yanakaa siku 21 kwenye joto la kama nyuzi 37.5. Mashine yenyewe haihitaji intaneti ili ipashe joto, hilo tuelewane. Kama usomaji wa joto na kengele ya hatari vinapita kwenye kompyuta ya ofisi, wifi ikidondoka saa nane usiku kinachokufa ni taarifa. Asubuhi unakuta joto lilishuka muda mrefu na hakuna aliyeamshwa.

Kitu ambacho waya hauwezi kufanya

Nisije nikakudanganya. Waya unarekebisha safari ya kutoka kwenye kompyuta mpaka kwenye ruta. Kutoka kwenye ruta kwenda kwenye mnara au kwenye faiba ya kampuni ya simu, hapo waya wako hauna la kufanya. Kama mnara umezidiwa na watu jioni, hata ukiweka waya wa dhahabu utasubiri kama wengine.

Kwa hiyo kabla hujatumia hela, pima ujue shida iko upande gani. Bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, fungua. Kisha andika amri hii, ukiweka anwani ya ruta yako (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta):

`ping 192.168.1.1 -n 50`

Kompyuta itabisha hodi kwenye ruta mara 50 na kukuonyesha kila jibu limechukua milisekunde ngapi. Kwenye waya mzima utaona majibu ya `time<1ms` au 1ms, mfululizo, bila kukosa. Kwenye wifi inayosumbua utaona 3, 5, halafu ghafla 90, 240, na katikati maneno `Request timed out`, yaani hodi haikujibiwa.

Kisha fanya hivyohivyo kwenda nje:

`ping 8.8.8.8 -n 50`

Soma hivi. Kama ruta inajibu vizuri lakini nje kunasumbua, tatizo ni laini, bando, antena au mnara. Waya hautakusaidia, hamisha antena au badilisha mtandao. Kama hata ruta yenyewe, iliyo mita kumi kutoka hapo, inajibu kwa kusuasua, basi tatizo ni la kwako ndani ya uzio, na waya ndiyo dawa.

Ni kama unavyopima udongo kabla ya kununua mbolea. Wengi wananunua kwanza, wanapima baadaye.

Kwa nini kompyuta inaacha waya uliochomekwa

Kompyuta ikiwa na njia mbili za kwenda intaneti, haziunganishi ziwe moja kubwa. Inachagua. Kila njia imepewa namba, kwenye Windows inaitwa `metric`. Namba ndogo ndiyo inayotangulia. Waya ukiwa na 25 na wifi 45, mzigo unapita kwenye waya.

Usipogusa kitu, Windows inajipangia namba yenyewe kwa kuangalia kasi ambayo kila kiungo kinajitangaza. Mara nyingi inapatia. Zipo hali ambazo inakosea, na mimi nimekutana na hizi:

*Waya umejitangaza kwa kasi ndogo.* Kadi ya zamani ya waya inaishia 100 Mbps. Hata kadi mpya ya 1 Gbps inaweza kushuka mpaka 100 kama waya umebanwa vibaya, kwa sababu kasi ya gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya nyembamba ndani, wakati 100 Mbps inatosheka na jozi mbili. Wifi nayo inajitangazia mia tatu au zaidi. Kwenye matoleo ya zamani ya Windows, ambayo kwenye ofisi zetu bado yapo mengi, namba zilipangwa kwa kasi hiyo bila kutofautisha waya na wifi, kwa hiyo wifi inatangulia. Kasi ya kibandiko na kasi ya kazini ni vitu viwili, kama mbegu iliyoandikwa gunia 30 kwa ekari.

*Simu imechomekwa kwa USB na inagawa intaneti.* Hii ndiyo ya kina katibu. Windows haiioni kama wifi. Inaiona kama waya mwingine, inaipa jina kama "Ethernet 2", na inaweza kuitanguliza. Modemu ndogo za USB nazo zinaweza kufanya hivyo.

*Waya haujapewa anwani.* Ukiona anwani ya kompyuta inaanza na 169.254, ujue waya umechomekwa lakini ruta haijaipa kompyuta anwani. Hapo kompyuta inapita wifi kwa sababu haina namna. Angalia tundu ulilochomeka, waya wenyewe, au zima ruta uwashe.

*Fundi aliyepita aliweka namba kwa mkono.* Alikuwa anatatua jambo lake la siku ile, akaondoka, namba ikabaki.

Jinsi ya kuupa waya kipaumbele kwenye Windows

Maneno ya kwenye skrini nayaandika kama yanavyoonekana, usipotee.

1. Shikilia kitufe cha Windows, bonyeza R. Kikitokea kidirisha, andika `ncpa.cpl`, bonyeza Enter. Utaona njia zako zote za mtandao: Ethernet (ndiyo waya), Wi-Fi, na nyingine kama zipo.

2. Bofya Ethernet kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties.

3. Kwenye orodha tafuta Internet Protocol Version 4 (TCP/IPv4). Ibofye mara moja, kisha bonyeza Properties.

4. Bonyeza Advanced. Chini kabisa utaona Automatic metric ikiwa na tiki. Ondoa tiki, andika 10. Bonyeza OK mpaka utoke.

5. Rudia hatua ya 3 na 4 kwa Internet Protocol Version 6 (TCP/IPv6), nayo weka 10. Hapa wengi wanaruka. Mitandao mingine inatumia zote mbili, ukirekebisha moja tu sehemu ya mzigo inaweza kuendelea kupita wifi.

6. Nenda kwenye Wi-Fi, fanya vilevile, lakini andika 50 pande zote mbili.

Ukishamaliza, waya una 10, wifi 50. Hakuna haja ya kuzima wifi.

Kwa asiyependa kubofya bofya, fungua PowerShell kwa ruhusa ya msimamizi (Run as administrator) uandike:

`Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Ethernet" -InterfaceMetric 10`

`Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Wi-Fi" -InterfaceMetric 50`

Majina ndani ya alama za kunukuu lazima yafanane na yale uliyoyaona kwenye `ncpa.cpl`. Kuona namba zote zilivyokaa, andika `Get-NetIPInterface`.

Wenye Mac, nendeni System Settings, kisha Network, kwenye kitufe cha vidoti chagua Set Service Order, buruta Ethernet iwe juu ya Wi-Fi. Wenye Ubuntu na ndugu zake, programu yake ya mtandao kwa kawaida inaupa waya 100 na wifi 600, kwa hiyo waya unatangulia tayari. Hakikisha tu umechomekwa vizuri.

Hakiki kwa macho yako

Usiamini kwamba umefanikiwa kwa sababu ulibonyeza OK. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance. Upande wa kushoto utaona Ethernet na Wi-Fi, kila moja na grafu yake. Anzisha video yoyote. Grafu inayopanda ndiyo njia inayobeba mzigo. Ikiwa ni Ethernet, umemaliza. Ikiwa Wi-Fi ndiyo inapanda, funga kivinjari ukifungue upya kwanza, maana mazungumzo yaliyoanza kupitia wifi yanaweza kuendelea huko mpaka yaishe.

Kisha rudi `ncpa.cpl`, bofya Ethernet mara mbili uone Speed. Kama kadi na ruta zote ni za gigabiti na unaona 100.0 Mbps, kichwa cha waya kinahitaji kubanwa upya. Kwa kazi za ofisi 100 inatosha kabisa, ila ni dalili ya waya ambao siku moja utagoma.

Kutandaza waya kwenye shamba letu

Hapa ndipo afisa ugani nina la kusema zaidi ya fundi wa mjini, maana waya wa shambani una maadui wengi.

*Umbali.* Waya wa shaba wa mtandao kipande kimoja usizidi mita 100. Pima kwa hatua kabla ya kununua, hesabu na kona. Ukizidi hapo utahitaji swichi katikati, au faiba, au antena mbili za kurushiana mawimbi zinazoonana bila kizuizi. Kwa shamba lenye ofisi mita 300 kutoka nyumbani, hizo antena ni chaguo la maana tu, sizikatai.

*Aina.* Cat5e inatosha, inabeba 1 Gbps mpaka mita 100. Uliza kama ni shaba tupu. Kuna nyaya za bei rahisi ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Zinakatika upesi zikikunjwa na hazifai kupeleka umeme wa kamera. Ukitaka kamera ipate data na umeme kwenye waya mmoja, usibanie hapo.

*Vichwa.* Ukibana mwenyewe, tumia mpangilio mmoja pande zote mbili. Uliozoeleka ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pima kwa kipimo cha waya kabla hujaufunika.

*Jua, panya na jembe.* Waya wa ndani ukiuweka nje unapasuka ganda kwa jua. Pitisha kwenye bomba la plastiki, na kama unapita ardhini weka chini ya kina ambacho jembe linafika, uweke alama. Panya wanatafuna, hasa karibu na ghala la chakula cha mifugo. Ziba midomo ya bomba. Usipitishe bomba moja na waya wa umeme.

*Banda la kuku.* Amonia ya kinyesi inakula shaba ya kwenye vichwa na matundu. Swichi na maungio yakae nje ya banda kwenye kisanduku kilichofungwa. Kinachoingia bandani kiwe waya mzima usio na kiungo.

*Radi.* Hili msilichukulie poa, hasa nyanda za juu. Waya wa shaba unaounganisha majengo mawili unaweza kubeba mshtuko wa radi kutoka jengo moja mpaka kwenye kompyuta ya jengo la pili, hata kama radi haikupiga hapo hapo. Kati ya jengo na jengo, faiba ni salama zaidi kwa sababu haipitishi umeme. Kama huna uwezo, weka kizuia mshtuko chenye ethi pande zote mbili, na zoea kuchomoa waya wa mtandao pamoja na wa umeme kabla mvua ya radi haijafika. Ikishaanza kupiga, usishike nyaya.

*Umeme ukikatika.* Wengi wanaweka UPS kwenye kompyuta na kusahau ruta na swichi. Kompyuta inabaki inawaka bila njia. Ruta inakula umeme kidogo sana ukilinganisha na kompyuta, ichomeke kwenye UPS hiyo hiyo.

Wifi ibaki ya nini

Sijasema tuitupe. Simu zenu, tableti ya kuhesabia mzigo na vipima unyevu vilivyotawanyika kwenye kitalu vinahitaji wifi, na kadiri kompyuta na kamera zinavyohamia kwenye waya, ndivyo hewa inavyobaki nyeupe kwa vifaa hivyo. Weka nenosiri la maana. Kama ruta inaruhusu, vibarua na wageni wape wifi ya wageni, wasiwe kwenye mtandao mmoja na kompyuta yenye hesabu zako.

Kuhusu akiba, elewa mambo mawili. La kwanza, wifi ya ruta ileile si akiba ya intaneti. Ruta ikiishiwa bando, waya na wifi vinakufa pamoja. Akiba ya kweli ni simu yenye laini ya mtandao mwingine.

La pili, na hili linawakwaza wengi: ile namba ya 10 inaangalia njia, haiangalii kama mwisho wa njia kuna intaneti. Waya ukiwa umeunganishwa na ruta iliyo hai lakini haina bando, kompyuta inaweza kuendelea kung'ang'ania waya hata kama umewasha hotspoti ya simu. Utaona wifi imeunganishwa na kurasa hazifunguki. Suluhisho ni kuchomoa waya kwa muda. Ukisharudisha bando, zima hotspoti, chomeka waya. Bandika karatasi yenye maneno hayo pembeni ya kompyuta, maana anayekaa hapo siku ya tukio anaweza asiwe wewe.

Fanya haya wiki hii

Pima ruta kwa `ping` mara 50 ukiwa kwenye wifi, andika matokeo. Azima waya mfupi, hata kama itabidi usogeze kompyuta jirani na ruta kwa dakika kumi, zima wifi, upime tena. Ukiona tofauti ni kubwa, una sababu ya kununua waya. Ukiona hakuna tofauti, hela yako peleka kwenye antena au laini nyingine, umeokoa gharama.

Kama waya upo tayari, fungua ile grafu leo kabla ya kikao chako kinachofuata na mnunuzi. Angalia ni mstari upi unapanda. Na ile simu inayochaji kwenye kompyuta, itafutie soketi ya ukutani.